Kabla ya Kuziba Ufa

Wiki ya sita. Jiko la gesi liko sebuleni,
sufuria ziko ndani ya beseni la kuogea,
na mkate, hata ukiufunika kwa taulo mbili,
una ladha ya chokaa.
Tunaula hivyo hivyo. Tymon anaupenda.
Analamba kidole, anakichovya kwenye vumbi la dirishani,
analamba tena,
na mimi nimechoka, nahesabu mpaka tatu
kabla ya kusema acha.

Nje ni Łódź, Januari, barafu imeshika reli za tramu.
Jikoni hatuna dirisha, tuna nailoni
inayovuta pumzi na kuishusha
kama mgonjwa wa pumu aliyelala mdomo wazi.
Bogusz aliniambia: wiki mbili, Jagoda. Mbili tu.
Akanionyesha na vidole viwili,
kana kwamba mimi ndiye mwenye miaka miwili.

Mwenye miaka miwili ana shughuli zake.
Drili anaiita mbwa.
Ikinguruma anaibwekea,
ikinyamaza anaipelekea maji kwenye kifuniko cha chupa.
Huvaa kofia ngumu ya babake, haoni mbele,
anagonga mlango,
anauambia mlango pole.
Na kila usiku sharti tuage matundu:
tundu la swichi, tundu la bomba,
na ule ufa mkubwa pale lilipokuwa jiko la makaa,
ufa unaomeza mkono hadi kiwiko.
Lala salama, tundu. Lala salama, tundu.
Ukiruka moja
atakukumbusha saa nane ya usiku.

Jumanne akaja bwana Ziemowit, fundi wa plasta,
mtu wa maneno manne kwa siku:
matatu ni *hapa hapako sawa*,
la nne hulitunza.
Alikoroga, akapaka, akalainisha.
Ilipofika saa tisa ukuta ulikuwa
yai lililomenywa.
Nilisimama mbele yake na ndoo mkononi, nusura nilie.
Tangu Novemba sikuwa nimeona
kitu kimoja kilichokwisha.

Tymon naye akasimama.
Akabandika sikio ukutani, shavu likatoka jeupe.
Kijiko kimelala, akasema.
Kijiko gani?
Kijiko. Na gari. Na soksi ya mama.
Kisha taratibu, kama mtu anayetangaza msiba:
Na ufunguo.

Bogusz akapapasa mifuko.
Mifuko yote, hata ya koti la kiangazi.
Ufunguo wa ghala la chini, ule mmoja,
na huko chini zimo katoni kumi na nne za vigae,
baiskeli yangu,
na viazi vya mama mkwe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: hilo tunalijua.
Sisi tumeuziba ufa, tumeujenga na ukuta,
mchana mmoja,
na fundi tumemlipa.

Bwana Ziemowit akautazama ukuta wake.
Akatutazama sisi.
Akalitoa lile neno la nne.
Kesho.

Usiku tulilala watatu kitanda kimoja,
chumba pekee chenye joto.
Nilikuwa na hasira, hasira nzuri, nimeiandaa tangu jioni.
Bogusz akaanza kucheka gizani, bila sauti,
nikajua kwa kitanda kutikisika.
Ikaniponyoka.

Ndipo mtoto akaketi.
Hatujaaga.
Akashuka pekupeku, akapita ndoo, akapita ngazi,
akaliaga la swichi, akaliaga la bomba,
akafika pale pasipo na kitu tena,
akabisha kwa kidole kimoja, polepole,
kama jirani anayekuja kuomba chumvi.
Lala salama, kijiko.
Akasubiri.
Hakijibu, akaniambia.
Kimelala, nikasema. Njoo.

Akapanda, akajipenyeza katikati yetu.
Miguu yake ilikuwa baridi kama vigae
ambavyo bado hatuna.